Hodi kwa Mlima

Namba nilipewa na Nnunduma, fundi wa pampu za maji,
nyuma ya stakabadhi ya ghala ya msimu uliopita.
Mbele: korosho daraja la kwanza, kilo mia mbili na kumi.
Nyuma, kwa kalamu inayokohoa wino:
mia moja arobaini na tano, nukta, sita saba tano.
Chini yake: "toa mia sita."
Chini zaidi: "toni themanini na nane na nusu, usisahau hii."
Chini ya "hii" kapiga mstari, karatasi ikatoboka.

Redio yenyewe ilikuja na basi kutoka Dar
ndani ya boksi la viatu vya mtu mwingine.
Ndogo, nyeusi,
antena kama mkia wa panya aliyekasirika.
Ukiiwasha, mwanamke anasema kitu kwa Kichina,
kwa upole, kama anayekupa pole.

Jioni ya kwanza nilikaa barazani, hapa Mkuti,
nikafungua menyu, nikashuka, nikapanda,
nikaingiza namba. Mlio mmoja: hapana.
Nikaingiza tena. Hapana.
Shadia, mtoto wa jirani, akauliza,
"Hiyo inapiga mpaka Uganda?"
Nikamwambia kwanza ipige mlimani tu.

Maana ndivyo alivyonieleza Nnunduma:
kule juu, nyuma ya tangi,
kuna kasha la chuma na betri mbili za lori.
Sikio lake liko huku, mdomo wake uko kule,
na kati yao kilohezi mia sita za hewa tupu.
Linasikia na kusema papo hapo;
neno halijamaliza kukutoka kinywani,
Nachingwea wamekwisha kulijua.
Mdaku huyo, nikasema.
Akacheka. "Mdaku, ila haongezi chumvi."

Na halimfungulii asiyebisha.
Toni ndiyo hodi yake:
inapita chini ya sauti yako,
jirani haisikii, wewe mwenyewe huisikii,
mlima unaisikia.

Jioni ya pili akaja mjumbe, Bwana Mchopa.
Watu wanasema unaongea na watu usiku.
Nikamwonyesha leseni.
Akaisoma pande zote mbili, hata ule usio na kitu.
"Na hao watu, wanakujibu?"
Bado, nikasema,
nikaona haya kuliko kama ningekamatwa kweli.

Jioni ya tatu nililiona kosa.
Alama.
Nilijumlisha badala ya kutoa.
Siku mbili nimenong'oneza ukuta usio na mlango,
mimi, karani wa mizani,
ninayemjulia mkulima gunia pungufu kwa kulitazama!

Nikatoa. Nikaweka toni. Nikahifadhi, chaneli ya saba.
Nikashika kitufe, nikataja jina langu la hewani,
lile lenye tano mwanzoni,
nikaachia.

Kimya.
Kisha, kshh,
kishindo kifupi, mlango wa juu ukijirudisha.
Hakuna aliyesema kitu.
Ila kishindo kile kilikuwa changu:
nimefungua kitu juu ya jiwe lile kubwa
kwa kidole gumba, nimevaa kandambili.

Chai ilipoa. Nikataja jina tena.

"Anayebisha, karibu. Hapa Nachingwea."
Perpetua, anatunza stoo ya dawa,
sauti yake imekwaruzika kama sufuria iliyosuguliwa mchanga.
Akauliza niko wapi, nani alinifundisha,
na mikorosho ya huku imeanza maua?
Nikasema imeanza, salfa tumepuliza, ila leo kuna mawingu.
Akasema na kwao pia, mawingu.
Nikasema haya.
Akasema haya, usiku mwema, na betri uilaze ikiwa imeshiba.

Shadia alikuwa ameng'ang'ania nguzo ya baraza,
macho kodo.
"Amesemaje?"
Amesema kuna mawingu.
Akanitazama mimi, akaitazama redio,
akatoka hadi uani, akainua kichwa.

"Si ungekuja tu hapa ukaangalia?"